Kanzira imefika angani: Je, wanaanga hulima au huotesha?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwetu Magharibi mwa Kenya, nikimsaidia mama kuchuma kanzira. Niliposema "nikimsaidia" msomaji asinielewe vibaya. Mama ndiye aliyechuma. Mimi nilishika karai na kupiga domo.

Mpwa wangu aliye Gredi ya Sita akatokea na daftari mkononi. Mwalimu wao alikuwa amewapa swali la kufanyia utafiti. Akaniuliza, "Mjomba, wanaanga hulima mboga gani wakiwa huko juu?"

Kwa kuwa mimi hujiona mjuaji, nilimjibu papo hapo: "Hulima letusi, kabichi ya Kichina, haradali na hata pilipili." Mtoto akaanza kuandika. Mama akainua kichwa.

"Hulima na nini?" akauliza.

"Vipi, Mama?"

"Wana jembe?"

"Hawana."

"Wana udongo?"

"Si udongo kama huu wetu. Ni vipunje vilivyofungwa ndani ya mto."

"Mto gani tena? Huko juu kuna mto?"

"Mto wa kulalia, Mama. Yaani kitu mfano wa mto wa kulalia."

Mama alinitazama jinsi anavyomtazama ng'ombe aliyevunja ua. "Wewe mwalimu mzima wa Kiswahili unamwambia mtoto eti watu wasio na jembe wala udongo wanalima. Hao hawalimi. Labda wanaotesha."

Mpwa wangu akachukua kifutio. Mimi nikanyamaza, maana nilijua nimeshindwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni mara ngapi sisi walimu wa lugha huwaeleza watoto mambo ya sayansi kwa maneno ambayo hatujayapima. Mtoto akipewa neno lisilofaa, huenda na picha isiyofaa akilini. Kwa hivyo makala ya leo ina kazi mbili: kueleza jinsi mboga zinavyokuzwa angani na kwa nini, na kuyakagua maneno tunayotumia kulieleza jambo hilo.

Tuanze na kwa nini. Mtu anaweza kuuliza, "Kwani wanaanga hawawezi kubeba chakula chao?" Wanabeba. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinaizunguka dunia kwa umbali wa kilomita 400 hivi kutoka ardhini, na kila baada ya muda vyombo vya mizigo hupelekwa huko vikiwa na chakula kilichokaushwa, kilichopikwa na kufungwa kwenye mifuko, na mara chache matunda mabichi. Kilomita 400 si mbali sana. Zinakaribia umbali wa kutoka Nairobi hadi Mombasa, ila tu safari yenyewe inaelekea juu.

Shida ni safari ya Mirihi. Kwenda huko, kukaa na kurudi kunakadiriwa kuchukua takriban miaka 3. Hakuna chombo cha mizigo kitakachomfuata mtu njiani na kumletea kikapu cha machungwa. Chakula chote kitapakiwa mapema, kingine kitatangulizwa, na wataalamu wa Shirika la Anga la Marekani, NASA, wanataka chakula kinachoweza kukaa hadi miaka 5 bila kuharibika. Sasa, chakula kinaweza kukaa miaka 5 bila kuoza na bado kikawa kimepoteza kitu. Vitamini C na vitamini B1 hupungua kadiri chakula kinavyozeeka ndani ya mfuko wake. Utakula, utashiba, na mwili utakuwa na njaa usiyoisikia tumboni.

Njaa ya aina hiyo pwani yetu iliishuhudia zamani. Kiswahili kina jina la ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C: kiseyeye. Fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka upya, na mwisho mtu hufa. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo. Ni lazima itoke kwenye chakula, na chanzo chake kikubwa ni matunda na mboga.

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa zikiwa na wagonjwa. Shajara ya safari hiyo inaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa, na kwamba wagonjwa wote walipata nafuu wakiwa hapo. Mwandishi wa shajara aliisifu hali ya hewa ya Mombasa. Hakujua kwamba waliostahili sifa yawezekana walikuwa yale machungwa na malimau.

Waliporudi kutoka India mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kuvuka bahari kuliwachukua karibu miezi 3, na mabaharia 30 walifariki. Katika kila meli walibaki watu 7 au 8 tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Tarehe 7 Januari 1499 walifika Malindi, na jambo mojawapo la kwanza walilofanya ni kumtuma mtu nchi kavu akatafute machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Machungwa yaliletwa. Lakini kwa wengi yalikuwa yamechelewa, wakafia hapo hapo Malindi. Baadaye kidogo ilibidi meli moja iteketezwe kwa moto kwa sababu hapakuwa na watu wa kutosha kuiendesha.

Miezi 3 bila tunda ilitosha kufanya hayo. Safari ya Mirihi ni miaka 3. Bila shaka wanaanga watabeba tembe za vitamini, ila tembe nazo huzeeka. Ndiyo sababu wanasayansi wanataka pawe na kitu kibichi kinachochumwa na kuliwa siku hiyo hiyo. Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba, na machungwa ya Malindi yalikuwa tiba iliyochelewa.

Basi mboga hukuzwaje angani?

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba ndani ya kituo kile hakuna juu wala chini. Kituo kinaanguka kuizunguka dunia bila kukoma, na kila kilichomo kinaanguka pamoja nacho, hivyo watu na vitu huelea. Ukimwaga maji hayaendi sakafuni. Hujikunja yakawa tone kubwa, au huganda juu ya kitu chochote kilicho karibu.

Hebu fikiria maana ya hilo kwa mmea. Shambani maji ya mvua huteremka, na yanapoteremka huacha nafasi ndogo ndogo katikati ya chembe za udongo, na humo ndimo mizizi hupata hewa. Angani maji hayateremki. Huizunguka mizizi kama blanketi na kuinyima oksijeni. Mzizi unaweza kufa kwa kukosa hewa huku umezungukwa na maji. Au upande mmoja wa mzizi uwe umelowa na upande wa pili ukauke kabisa.

Hapo ndipo ule mto uliomchekesha mama unapoingia. Mtambo wa kukuzia mboga unaoitwa Veggie, uliopelekwa kwenye kituo hicho mwaka wa 2014, una vifuko vidogo vya kitambaa. Ndani ya kila kifuko mna vipunje vya udongo wa mfinyanzi uliochomwa, pamoja na mbolea inayotoka kidogo kidogo. Mbegu hubandikwa kwenye utambi. Msomaji aliyesoma kwa koroboi utotoni anaujua utambi: unakaa ndani ya mafuta ya taa, na mafuta yenyewe hupanda hadi kwenye moto bila kusukumwa na mtu. Maji nayo hupanda kwenye utambi vivyo hivyo, hata pasipokuwa na mvutano wa dunia. Vile vipunje navyo vina mianya ya kushika maji na mianya ya kushika hewa.

Jambo la pili ni mwelekeo. Mbegu ikianguka kichwa chini shambani kwako, bado mzizi utaelekea chini na shina litaelekea juu. Huwa inajuaje? Kwenye ncha ya mzizi mna chembechembe zenye punje za wanga nzito, ambazo huzama upande wa chini na kuuambia mzizi wapi ni wapi. Angani punje hizo hazizami. Kwa hiyo wataalamu huusaidia mmea kwa mwanga. Taa za LED nyekundu, buluu na kijani huwekwa upande mmoja, na shina hulifuata lile taa. Nyekundu na buluu ndizo mimea inayozitumia zaidi katika usanisinuru, ndiyo maana bustani hiyo huonekana ya rangi ya waridi. Kijani huongezwa zaidi kwa ajili ya macho ya watu, ili mboga ionekane kama mboga.

La tatu ni hewa. Duniani hewa yenye joto hupanda na yenye baridi hushuka, na mzunguko huo huliondolea jani unyevu na kuliletea kabonidioksidi mpya. Kwenye kituo hewa haina sababu ya kupanda wala kushuka. Bila feni, jani huzungukwa na hewa ile ile iliyokwisha kutumika.

La nne ni uchavushaji. Kule hakuna nyuki wala upepo. Mmea wa kuchumwa majani hauna neno, lakini nyanya na pilipili zikitoa maua, mwanaanga mwenyewe huenda akalazimika kuwa nyuki. Hutikisa ua au kuligusa ili chavua ifike inapotakiwa.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka wa 1982, kwenye kituo cha Wasovieti kilichoitwa Salyut 7, mmea mdogo wa jamii ya haradali uitwao Arabidopsis ulitoa maua na mbegu angani kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ngano ilijaribiwa kwenye kituo cha Mir. Wamarekani nao walifikia hatua kubwa tarehe 10 Agosti 2015. Siku hiyo Scott Kelly, Kjell Lindgren na Mjapani Kimiya Yui walikula letusi nyekundu iliyokuzwa hapo hapo kituoni kwa siku 33. Waliifuta kwanza kwa vitambaa vyenye asidi ya sitriki, ile asidi ya malimau, wakaionja ikiwa tupu, kisha wakaitia mafuta na siki. Letusi ya mwaka uliotangulia hawakuwa wameruhusiwa kuila. Ilirudishwa duniani ikapimwe kama ina vijidudu vya hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 ulionyesha kuwa letusi ya angani ilikuwa salama, na lishe yake ilikaribiana na ya letusi iliyokuzwa duniani.

Tukio ninalolipenda zaidi lakini lilihusu maua. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 kituoni palikuwa na mimea ya zinia. Iliwekwa kama mazoezi kabla ya kujaribu nyanya, kwa kuwa zinia hukaa muda mrefu na hutoa maua. Maji yakazidi, majani yakajikunja, kisha kuvu ikaota. Feni zilipoongezwa kasi, mimea ikaanza kukauka. Wakati huo ratiba ya kumwagilia maji ilikuwa ikitoka duniani. Kelly akawaambia wataalamu kwamba kama angekuwa Mirihi, yeye mwenyewe ndiye angeitazama mimea na kuamua lini inahitaji maji. Wakamkubalia, wakamwandikia mwongozo mfupi wa ukurasa mmoja, wakamwachia bustani. Mimea mingine ilikuwa imekufa, ila iliyobaki ilichanua Januari 2016.

Nilipomsimulia mama kisa hicho alisema, "Si hivyo ndivyo inavyokuwa? Mtu wa ofisi hawezi kujua kama kanzira yangu ina kiu."

Na kanzira yenyewe je? Hapa ndipo nilipoona macho ya mama yakibadilika. Mwaka wa 2021, pamoja na kabichi ndogo ya Kichina, kituoni palikuzwa mboga ambayo Wamarekani huiita haradali ya Amara. Jina lake la kisayansi ni Brassica carinata. Ukifungua kitabu chochote cha mboga za kienyeji za Kenya na kulitafuta jina hilo, utakuta kanzira. Asili yake inahusishwa na nyanda za juu za Ethiopia. Ni mboga yenye vitamini C kwa wingi, inakua haraka, na haihitaji maringo. Ile ambayo baadhi ya watoto wetu huidharau mezani wakitaka chipsi imepitia mchujo wa wanasayansi, ikapewa nafasi angani, mahali ambapo kila gramu ya mzigo huhesabiwa.

Mwanaanga Michael Hopkins, aliyeishughulikia bustani hiyo, aliitia ile kabichi ya Kichina mchuzi wa soya na kitunguu saumu, akaipasha kwenye kipasha-chakula. Kumbe hata huko juu mtu hutaka mboga yenye ladha. Hilo si anasa. Wanaanga wengi husema kuwa ladha ya chakula hufifia wakiwa angani. Anayekula chakula cha mfuko kila siku hupunguza kula, na anayepunguza kula kwa miaka 3 hudhoofika. Ndiyo maana Oktoba mwaka huo huo pilipili zilizochumwa kituoni zilipokewa kwa shangwe.

Sasa turudi kwenye lugha, maana huku ndiko kwetu.

Mama alikuwa na haki. Maana ya msingi ya kitenzi "lima" ni kukatua ardhi, na nomino "kilimo" imezaliwa hapo. Ni kweli kwamba "kilimo" limepanuka. Tunasema kilimo cha samaki na hakuna anayemwona samaki akipaliliwa. Tunasema kilimo cha magunia, kama kile kinachofanywa na wakazi wengi wa Kibera wanaojaza gunia udongo na kutoboa matundu ya miche ubavuni. Kwa hiyo sitamkemea mtu anayesema "kilimo cha angani". Nomino imekwisha kuzoea safari. Ila kitenzi chenyewe bado kina vumbi la shamba miguuni. Ukisema "mwanaanga analima", msikilizaji humwona mtu ameinama na jembe.

"Kupanda" nako kuna kitendawili chake. Mwanaanga hupanda chombo, kisha akifika hupanda mbegu. Muktadha hututoa kwenye utata, lakini neno hilo linataja hatua moja tu ya kutia mbegu. Halisemi lolote kuhusu siku 33 za kuitunza.

"Kuotesha" ni neno zuri. Limetokana na "ota" kwa maana ya kumea, ingawa mtu huota ndoto pia, huota jua na huota moto. Lakini kuotesha huishia mche unapotokeza. Kwa kazi nzima, tangu mbegu hadi sahani, mimi napendekeza "kukuza": wanaanga hukuza mboga. Na pale mimea inapokuwa na afya njema, tuseme wamefaulu "kuistawisha". Kwa hiyo mama alinisahihisha vizuri, nami namwongezea hatua moja mbele. Nilipomweleza hivyo alisema, "Sawa, bora usiseme wanalima."

Kuhusu ule mto, sarufi haitusaidii. Mto wa maji na mto wa kulalia yote mawili ni ya ngeli ya U-I. Tukisema "mito ya mimea", Mwafrika Mashariki ataona kingo zenye matete. Ndiyo maana hapo juu nimesema "vifuko", na ningewashauri waandishi wa vitabu vya watoto wafanye vivyo hivyo.

Lakini kuna mahali ambapo sarufi hutuokoa kabisa. Mwanaanga Frank Rubio alichuma nyanya ndogo kituoni, akaiweka kwenye mfuko, ikaelea ikapotea. Aliitafuta kwa saa nyingi. Wenzake wakamtania kwamba ameila. Alirudi duniani Septemba 2023, baada ya siku 371 angani, bila kuiona. Nyanya hiyo ilikuja kupatikana Desemba mwaka huo, imekauka na kunyauka. Nilipomhadithia mpwa wangu aliangua kicheko: "Mjomba, nyanya alipotea angani?" Mama akageuka. Nikamwambia mtoto aangalie viambishi. Nyanya alipotea, huyo ni bibi yako, ngeli ya A-WA, na tuite polisi. Nyanya ilipotea, hiyo ni ya kachumbari, ngeli ya I-ZI. Herufi chache mwanzoni mwa kitenzi ndizo zinazotofautisha msiba na mzaha.

Je, mboga hizi zitatosha kumlisha mtu? Tusidanganyane. Mitambo iliyopo sasa ni midogo, na inachotoa ni kitoweo cha mara moja moja, si chakula cha kutegemewa. Majani hayana nguvu nyingi za kuulisha mwili. Ugali wa wanaanga, tuuite hivyo, utaendelea kutoka duniani kwa muda mrefu.

Hata hivyo, majaribio ya duniani yanatia moyo. Mwaka wa 2018 Wajerumani na washirika wao waliweka banda la kukuzia mboga huko Antaktika, kwenye barafu, karibu na kituo chao cha utafiti. Mizizi ilining'inia hewani ikinyunyiziwa maji yenye virutubisho, bila udongo wowote. Kwa miezi 9 na nusu walipata kilo 268 za mboga kutoka eneo la mita mraba 12.5 tu. Chumba cha kulala cha nyumba nyingi za kupanga mjini kinakaribiana na eneo hilo.

Mtu atauliza, "Kwa nini wasitumie udongo wa huko huko waendako?" Wanajaribu. Mwaka wa 2022 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba wamekuza Arabidopsis katika udongo halisi wa Mwezi, ulioletwa na safari za Apollo 11, 12 na 17. Walipewa gramu 12 pekee, baada ya kuomba mara 3 katika kipindi cha miaka 11. Mbegu zote zilichipuka. Kisha mimea ikadumaa, na mingine ikageuka rangi kuonyesha kwamba inateseka. Udongo wa Mwezi hauna mboji wala vijidudu vinavyourutubisha, na chembe zake ni kali kama vigae vya chupa. Kabla ya hapo, Januari 2019, mbegu ya pamba ilichipuka ndani ya chombo cha Wachina, Chang'e 4, upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani. Usiku wa huko ulipoingia na baridi yake kali, mche ukafa.

Mirihi nako kuna tatizo lake. Mwaka wa 2008 chombo cha Phoenix kiligundua kwamba udongo wa huko una chumvi ziitwazo pakloreti, ambazo hudhuru tezi ya shingoni. Udongo huo utahitaji kusafishwa kabla ya kutia mbegu. Hapa ndipo mtu hugundua kwamba kiganja kimoja cha udongo wa shamba la mama, wenye minyoo, samadi na majani yaliyooza, ni mali ambayo hakuna sayari nyingine inayojulikana kuwa nayo.

Huenda msomaji akasema haya ni ya Wamarekani, Warusi na Wachina, na kwamba Kiswahili hakihusiki. Namkumbusha kwamba Kiswahili kilifika angani kitambo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Na Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kuitazama ardhi, ambayo kazi zake ni pamoja na kusaidia masuala ya kilimo na chakula. Pwani ile ile ambako mabaharia waliofizwa na kiseyeye waliomba machungwa ndiko jina la Kiswahili lilikopaa.

Kwa hiyo mtoto wa Gredi ya Sita anayeuliza kuhusu mboga za angani anauliza jambo linalomhusu. Tukimjibu kwa neno lililopimwa, tutakuwa tumemkuzia kitu. Tukimwambia tu asome kwa Kiingereza, tutakuwa tumemfundisha kwamba lugha yake huishia penye ua wa shamba.

Jioni ile mpwa wangu alinisomea jibu lake. Aliandika: "Wanaanga hawalimi. Wao hukuza mboga kwa taa na utambi ili wasiugue kiseyeye wakienda mbali. Mboga mojawapo ni kanzira, ambayo nyanya yangu analima." Nikamwangalia mama. Neno "analima" lilikuwa mahali pake, na kiambishi nacho.

Chakula kilikuwa tayari. Kilikuwa ugali na kanzira, na mtoto aliongeza mara mbili.